Wadau wa boti moja ya dagaa: nani analipwa mwanzo, nani anasubiri mwisho wa foleni?

Karani wa Diko (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila ikiitishwa semina ya wajasiriamali hapa Unguja, mtoa mada huchora duara ubaoni. Katikati anaandika BIASHARA, pembeni anazungusha majina: mwenye mali, wafanyakazi, wateja, wauzaji wa vifaa, benki, Serikali, jamii. Anasema hawa wote ni wadau, kila mmoja ana maslahi yake, na maslahi yote yazingatiwe. Watu wanaandika, chai inakuja, posho inagaiwa, tunatawanyika. (Posho ndiyo maslahi yetu sisi tuliohudhuria, na hiyo haichorwi.)

Duara lile si uongo, ila halina mwanzo wala mwisho, na pesa za biashara haziendi kwa duara. Zinaenda kwa foleni. Kuna anayelipwa kabla chombo hakijagusa maji, na kuna anayelipwa kikibaki kitu. Mie naandika mahesabu ya wenye boti za dagaa kaskazini ya Unguja, na nilichokiona madikoni, huko boti zinakoteremsha samaki, ni hichi: ukitaka kumjua mdau usimuulize anataka nini, maana wote watakwambia wanataka biashara ikue. Tazama analipwa zamu ya ngapi, na usiku ukiharibika yeye anapoteza nini. Hapo maslahi yake utayaona bila ya yeye kufungua mdomo.

Kwa wasiojua kazi yenyewe: boti ya dagaa hutoka siku za giza. Mbalamwezi ikishika, taa hazina kazi, dagaa hawajikusanyi, boti zinapumzika na watu wanashona nyavu. Usiku wa giza taa zinawashwa, dagaa wanaifuata nuru, nyavu inazungushwa. Alfajiri chombo kiko diko, dalali ananadi, kina mama wanaochemsha wananunua kwa ndoo.

Sasa hesabu. Hii ni ya mfano, si ya boti ya mtu, na mgao hutofautiana diko kwa diko. Tuseme mauzo ni 1,000,000. Mafuta ya mashine na ya jenereta pamoja na chakula ni 280,000. Dalali na ushuru ni 70,000. Inabaki 650,000, inakatwa nusu kwa nusu: 325,000 ya chombo, yaani boti, mashine na nyavu, na 325,000 ya watu. Mabaharia 11 wana fungu moja moja, nahodha ana mawili, jumla mafungu 13. Kila fungu ni 25,000.

Usiku wa pili mauzo ni 200,000. Mafuta ni yale yale 280,000, maana bahari haikupunguzii masafa kwa sababu hukupata kitu. Dalali na ushuru 14,000. Umeanguka 94,000. Baharia anarudi nyumbani mikono mitupu, na ile 94,000 inaandikwa. Usiku wa tatu mkipata tena 1,000,000, deni linakatwa kwanza, inabaki 556,000, nusu ya watu ni 278,000, fungu limeshuka hadi 21,000 na kidogo. Baharia kafanya kazi ile ile ya usiku wa kwanza na amelipa sehemu ya hasara ya usiku wa pili.

Haya, sasa watazameni mmoja mmoja.

Muuza mafuta kalipwa usiku wote mitatu, na kama alikopesha, atalipwa kabla ya baharia. Maslahi yake ni boti zitoke. Dagaa wakipatikana mbali, yeye ndiyo anauza zaidi. Si mtu mbaya, lakini usimuulize kama wiki hii ni vizuri kutoka.

Dalali anakula kwa asilimia, na wengi wanadhani hilo linamfanya apigane na bei. Hesabuni. Ndoo ikipanda kwa 2,000, kwake inaingia mia na kitu. Lakini akichelewa kwa kubishania hiyo 2,000, boti nyengine inayosubiri kunadiwa itamkimbia. Kwa hiyo maslahi ya dalali ni wepesi wa mnada na ujazo wa ndoo nyingi. Bei nzuri ni maslahi ya mwenye boti na baharia.

Mwenye boti tunamuona tajiri kwa ile 325,000. Mashine ikifa katikati ya giza, au nyavu ikinasa kwenye mwamba, ile 325,000 ya siku nyingi inaondoka asubuhi moja. Yeye anataka chombo kidumu. Baharia anataka usiku wa leo. Ndiyo maana nahodha akiona dagaa karibu na mwamba, watu wanasema "tupa", na mwenye boti kama angekuwepo angesema "acha". Nyavu si ya baharia, lakini dagaa walio juu ya mwamba ni fungu lake.

Na baharia huyu kwenye duara la semina wanamwandika "mfanyakazi". Mfanyakazi gani anayelipia mafuta ya usiku uliopotea? Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, inazungumza habari ya mwajiri, mwajiriwa, mkataba na mshahara. Baharia wa mgao hana mshahara. Anabeba hasara kama mshirika, ila siku ya kuamua mashine gani inunuliwe hakuna anayempigia simu.

Naomba tuchangie. Kwenye biashara unayoijua wewe, foleni ikoje?

Bakora

Karani umeandika vizuri lakini umezunguka sana. Biashara ni ya mwenye mali. Wengine wote ni gharama. Muuza mafuta gharama, dalali gharama, baharia gharama. Mchumi wa Kimarekani, Milton Friedman, alishalimaliza hili mwaka 1970: jukumu la biashara ni kuongeza faida. Mwenye boti akianza kumsikiliza kila mtu diko, mwisho ataiuza boti na hao wadau wote watakosa hata hicho kidogo.

Tunguu23

Nasoma biashara SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, naomba niweke ya darasani kidogo, msinicheke.

Aliyelisambaza wazo la wadau kwenye taaluma ya uongozi wa biashara ni profesa wa Kimarekani, R. Edward Freeman, mwaka 1984. Tafsiri yake ni pana mno: mdau ni yeyote anayeweza kuathiri, au kuathiriwa na, shirika katika kufikia malengo yake. Kwa upana huo hata jirani anayenusa moshi wa dagaa ni mdau. Baadaye, mwaka 1997, Mitchell, Agle na Wood wakasema sawa, lakini meneja hawezi kuwasikiliza wote, basi atazame sifa tatu: nguvu, uhalali wa dai, na uharaka wa dai. Mwenye zote tatu anasikilizwa kwanza. Mwenye moja anasubiri.

Swali langu kwa Karani: foleni yako ya malipo na hizi sifa tatu, si ni kitu kimoja?

Na kwa Bakora: Friedman mwenyewe aliweka sharti kwamba faida itafutwe ndani ya kanuni za mchezo, bila hila wala udanganyifu. Hiyo sehemu watu huikata.

Karani wa Diko

Tunguu23, hakuna wa kukucheka.

Si kitu kimoja. Foleni inaonyesha pesa inakwendaje leo. Sifa tatu zinaonyesha kwa nini imekwenda hivyo, na nani anaweza kuipindua. Chukua wabebaji wa ndoo, wale vijana na kina mama wanaoingia majini mpaka kifuani kuteremsha mzigo. Dai lao ni halali, kazi wameifanya. Lina uharaka, maana wanataka hela asubuhi hiyo wanunue unga. Nguvu hawana. Wakigoma wanakuja wengine. Kwa hiyo wanalipwa upesi lakini kidogo. Mnunuzi mkubwa anayetoka Kongo ana nguvu, na dai lake ni halali kama la mteja mwengine, lakini uharaka hana: anaweza kungoja giza lijalo. Asiye na haraka ndiye anayepanga bei.

Bakora, hoja ya walio upande wa Friedman ina mguu mmoja mzuri. Wanasema mwenye mali aamue kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kulipwa, kwa hiyo ndiye mwenye sababu ya kuangalia biashara nzima. Ukienda kwenye kampuni iliyosajiliwa BPRA, wakala wa kusajili biashara Zanzibar, ikafilisika, ndivyo ilivyo kwa jumla: mdai mwenye dhamana, mishahara na kodi, wadai wengine, na wenye hisa mwisho kabisa, kikibaki kitu. Nakubali. Lakini kwenye boti ya dagaa mwisho wa foleni hayuko peke yake. Yuko na watu 12. Ukisema anayelipwa mwisho ndiye aamue, basi hoja yako inampa baharia kiti mezani. Sikuisema mie, imo ndani ya maneno yako.

Mama Chanja

Nyinyi wanaume mnaandika kama dagaa wakishanadiwa biashara imekwisha. Kwetu ndiyo inaanza.

Mie nachemsha na kuanika. Ndoo nikiinunua asubuhi nimeshatoa pesa, na mara nyingi si yangu, ya kikoba. Nina kuni za kununua, chumvi, watu wa kunisaidia kuchemsha, kibarua wa kugeuza dagaa juu ya chanja. Hawa wote wanataka chao siku hiyo hiyo. Dagaa wanakaa juani siku nzima, pengine mbili. Ikinyesha mvua katikati, wanaoza, na hakuna dalali wala nahodha atakayekuja kunipa pole ya pesa. Masika ndiyo usiseme. Sasa Karani niandike kwenye foleni yako: mie nimemlipa mwenye boti kabla sijajua kama jua litatoka.

Halafu anakuja mnunuzi. Anataka dagaa mkavu kabisa, asiye na mchanga, kwa sababu mzigo wake unakwenda Dar, unapanda lori, unapita Tunduma na Zambia mpaka Lubumbashi. Dagaa mwenye unyevu hafiki huko, au anafika uvundo. Mie dagaa akikauka sana anapungua uzani, na nauza kwa uzani. Kwa hiyo yeye anavuta huku, mie navuta kule. Kuna wanaoanika chini kwenye mchanga ili uzito ubaki. Wanatuharibia jina sote, maana mnunuzi akishakuta mchanga kwenye gunia moja anashusha bei ya diko zima.

Na mali kauli. Anachukua magunia, anasema pesa akishauza. Tulishawahi kumpa mmoja, kikundi chetu kizima, na mpaka leo simu haipokewi. Tukisema hatutoi, anakwenda kwa wenzetu wa diko la pili ambao wana njaa zaidi yetu. Hayo ndiyo maslahi yake: sisi tusiwe na kauli moja.

Pweza Kavu

Na dagaa mwenyewe si mdau? Yeye ndiye anayepoteza zaidi kuliko wote humu.

Karani wa Diko

Pweza Kavu 😂 umechekesha lakini umegusa. Dagaa hana mdomo, kwa hiyo anasemewa na kamati ya wavuvi ya shehia na Idara ya Uvuvi: matundu ya nyavu, maeneo ya hifadhi, leseni. Baharia wa usiku wa leo anawaona hao kama wasumbufu. Mwenye boti aliyekopa mashine ya miaka mitano anapaswa kuwaona kama walinzi wake, maana deni lake linahitaji dagaa wa miaka mitano. Nimesema anapaswa. Wengi hawaoni.

Mama Chanja, hapo kwenye mali kauli nitarudi.

Mwana wa Mtambwe

Hodi hodi kutoka Pemba. Nyinyi mna wadau wengi wadogo. Sisi tuna mdau mmoja mkubwa mwenye kofia nne.

Karafuu ya Zanzibar sehemu kubwa inatoka kwetu Pemba, hilo halina ubishi. Mnunuzi wake kisheria ni mmoja, ZSTC, shirika la Serikali tangu 1968. Serikali hiyo hiyo ndiyo inayotunga sheria ya karafuu, inayotoa miche, inayofukuza magendo. Na mashamba mengi yamo kwenye eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na ardhi kwa sheria zetu ni mali ya Serikali. Kwa hiyo ukichora lile duara la semina, Serikali utaiandika mara nne: mnunuzi, mdhibiti, muuzaji wa pembejeo, na mwenye ardhi. Kila kofia ina maslahi yake. Kofia ya mnunuzi inataka bei ndogo. Kofia ya mtawala inataka mkulima aridhike na asivushe gunia usiku kwenda Kenya.

Kilichopunguza mvutano ni kanuni iliyo wazi. Baada ya bei kupandishwa sana mwaka 2011, sera ikawa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Misimu kadhaa tuliuza daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kilo. Magendo yalipungua si kwa sababu askari waliongezeka, ila kwa sababu safari ya usiku ya mtumbwi haikulipa tena kama zamani. Watu walikuwa wanapiga hesabu, si kwamba hawakuwa wazalendo.

Lakini nataka kuzungumza habari ya mchumaji, kwa sababu kwake foleni ya Karani inauma. Mchumaji analipwa kwa pishi. Kila pishi ni pesa, kwa hiyo anataka wepesi. Tawi likimzuia analivunja. Mwenye shamba anataka matawi yabaki kwa sababu mkarafuu unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa na ukizaa unakaa umri wa mtu. Katikati yao anaingia mkodishwaji, aliyeuziwa mazao ya msimu mmoja yakiwa bado juu ya mti. Huyu mwakani hayupo. Yeye na mchumaji lao moja: mti umalizwe, hata zilizo changa. Mwenye shamba anazunguka chini akipiga kelele "msivunje!" na hakuna anayemsikia, pesa ya kukodisha keshaila.

Tena anayepanda juu ndiye anayeanguka. Kila msimu mkubwa Chake na Wete hospitali zinapokea watu waliovunjika. Shirika limekuwa likitoa fidia kwa wachumaji walioanguka, na hilo nalisifu. Lakini tazameni: aliyeanguka kakodiwa na mkodishwaji, juu ya mti wa mkulima, kuchuma mali itakayonunuliwa na shirika. Anayelipa fidia ni yule wa mwisho wa mnyororo, kwa sababu ndiye mwenye pesa na anayeonekana. Mkodishwaji keshapiga hodi shamba jengine.

Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, msiyasahau. Zamani tukiyatupa au kuchomea moto, sasa yanakwenda kiwandani Wawi yanakamuliwa mafuta. Mtoto anayeokota makonyo na kuyauza, yeye naye keshakuwa mdau, na wala hajui kama Indonesia ipo, nchi inayolima karafuu nyingi kuliko zote na kuzivuta kwenye sigara. Indonesia ikivuna vizuri, bei ya makonyo ya mtoto yule inacheza.

Bakora

Mwana wa Mtambwe, hiyo ya mkodishwaji ni tatizo la mkataba tu. Mwenye shamba angeandika kwamba tawi likivunjika analipwa kiasi fulani, mambo yamekwisha. Si lazima tuite wadau.

Mwana wa Mtambwe

Andika wewe. Shamba lina mikarafuu mia, wachumaji arubaini, msimu wa vuli na mvua zake. Nani atahesabu matawi? Na ukiandika mkataba mkali, mkodishwaji anahamia kwa jirani yako asiye na mkataba. Jirani yako anauza leo, wewe unabaki na karafuu juu ya mti mpaka zinachanua. Ikichanua hiyo si karafuu tena.

Papasi Mstaafu

Mie nilikuwa papasi, kijana wa kuwatafutia wageni hoteli kwa kamisheni, bandarini na Nungwi kabla sijaajiriwa hotelini, kwa hiyo nimekaa pande mbili za kaunta.

Mwenye hoteli anamchukia papasi kama dagaa waliooza, lakini msimu wa mvua hoteli ikiwa tupu anampigia simu. Papasi maslahi yake ni kamisheni ya mgeni wa leo, hajali kama mgeni atarudi. Wakala wa mtandaoni naye ni papasi, tofauti ni kwamba yeye ana programu na haombi, anakata. Asilimia 15 au zaidi inaondoka kabla mgeni hajafungua begi, na mwenye hoteli anatabasamu. Papasi wa miguu akitaka asilimia 10, anaitiwa polisi.

Wafanyakazi: ukitaka kujua meneja na wafanyakazi wanavutana wapi, tazama bakshishi. Meneja mzuri anaweka sanduku moja, inagaiwa kwa wote mpaka mfua nguo asiyeonekana na mgeni. Meneja mbaya anaacha mhudumu wa meza achukue zote, halafu anashangaa kwa nini mashuka hayang'ari.

Na kijiji. Hoteli ikifika inaahidi ajira, maji, njia. Kijiji maslahi yake si ajira tu, ni njia ya kwenda pwani. Ukishaziba njia ya pwani umegusa mvuvi, mama wa mwani, watoto wa kuogelea, na mzee anayekwenda kutazama mtumbwi wake. Nimeona mahali ukuta umejengwa, sheha, yule kiongozi wa mtaa, kaitwa, kikao cha asubuhi mpaka adhuhuri, mwishowe ikaachwa njia ya upana wa mtu mmoja. Mama mwenye gunia la mwani kichwani anapita upande upande.

Jambiani Mashariki

Kwa kuwa mwani umetajwa. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huku pwani ya mashariki mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kampuni inatoa kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, sisi tunapanda, tunavuna, tunaanika, kampuni inanunua kwa bei yake. Anayetoa kamba ndiye anayenunua, kwa hiyo kumuuzia mwengine ni kama umeiba.

Aina ya mwani iitwayo kottonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa maji ya kina kifupi yakipata joto. Aina ya pili, spinosumu, inavumilia, bei yake haisemeki. Ukitaka kottonii nenda maji ya kina, na wengi wetu hatukufundishwa kuogelea. Kampuni hasara yake ni kamba. Yetu ni msimu mzima. Waliofungua vikundi vya kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani, kama kule Paje, wametoka kidogo kwenye mtego huo kwa sababu mnunuzi wao si yule mwenye kamba.

Karani wa Diko

Jambiani, hiyo ya kamba umeimaliza. Mdau anayekupa vifaa na kununua mali yako ana zamu mbili kwenye foleni, ya kwanza na ya mwisho, na wewe umebanwa katikati. Boti zetu nazo zipo zilizokopeshwa mashine na mnunuzi kwa sharti la kumuuzia yeye. Kwenye karatasi boti ni ya fulani. Ukiandika mgao unaona fulani ni nahodha tu.

Sasa nijibu la Bakora kuhusu mkataba, kwa sababu kuna boti mbili ninazoziandikia zimejaribu kitu na mabaharia hawakukimbia.

Kabla ya kukata nusu kwa nusu, wanatoa fungu moja la mashine na nyavu, linawekwa akaunti ya benki yenye saini tatu: mwenye boti, nahodha, na baharia mmoja waliyemchagua wenyewe. Usiku mbaya fungu hilo halikatwi. Mashine au nyavu ikiharibika, pesa inatoka humo kwanza. Vikipita vipindi sita vya giza pesa hiyo haijaguswa, kiasi fulani kinarudi kwa watu wote kwa mafungu. Tangu hapo ugomvi wa nyavu kwenye mwamba umepungua, maana baharia anajua nyavu ikichanika inakula na fungu lake. Mwenye boti mmoja alikataa saini ya baharia mwanzo, akisema atawekwa mfukoni na vijana. Akakubali alipoona giza moja zima mabaharia wake wazuri wamehamia boti ya jirani.

Bakora anaweza kusema hii ni faida ya mwenye mali tu kwa njia nyengine. Sawa. Sikatai. Lakini hakuipata kwa kuwaita watu gharama.

Bakora

Hiyo ya saini tatu nimeielewa. Ila usiniambie ni nadharia ya wadau, hiyo ni akili ya kawaida ya pwani. Wazee walikuwa na shirika la mtumbwi kabla Freeman hajazaliwa.

Tunguu23

Bakora umeanza kukubaliana nasi bila ya kutangaza.

Mama Chanja

Karani uliahidi kurudi kwenye mali kauli.

Karani wa Diko

Nimerudi mama. Nguvu ya mnunuzi inatokana na madiko kutokuwa na kauli moja, umesema mwenyewe. Dawa ninayoiona ni mbili kwa pamoja. Kwanza madiko mawili au matatu ya jirani yakubaliane sharti moja: nusu taslimu gunia likipandishwa, nusu kabla ya mzigo wa pili kutoka. Si mali kauli kamili, si taslimu kamili, kwa sababu taslimu kamili wanunuzi wadogo wataishindwa na mtabaki na yule mkubwa peke yake. Pili, dagaa waliokauka juu ya chanja wafungwe magunia yenye alama ya kikundi, wa chini wasichanganywe. Mnunuzi wa Lubumbashi anachoogopa ni mchanga na uvundo. Ukimwondolea hofu hiyo, unacho kitu anachokihitaji, na hapo uharaka unahamia kwake.

Mama Chanja

Alama tunaweza. Kikundi chetu na cha diko la pili tuna mtu mmoja anayetushonea magunia, tutamwambia. Sharti la nusu kwa nusu litashikwa kiangazi. Masika hapana, masika mtu ana magunia matatu yanayoanza kuota ukungu, atampa wa kwanza atakayepita. Labda kikoba kitoe mkopo wa masika tu, wa kumshikilia mtu asiuze kwa hofu. Sheha alisema Jumatano ana kikao na watu wa diko la pili. Nitalipeleka hilo la mkopo kwanza, la sharti baadaye.

Karani wa Diko

Lipeleke hivyo hivyo. Na mwambie sheha amwite na muuza kuni. Ndiye anayewadai nyinyi nyote masika, na hajawahi kukaa kikao hata kimoja.